Mnaniuliza nahamia lini Texas, ngoja niwaambie kuhusu Louisville

Kila mwezi lazima mtu anipigie simu na swali lile lile, dada bado uko huko huko tu Kentucky, unangoja nini, njoo Texas huku hakuna kodi ya mapato ya jimbo, nyumba kubwa, joto kama nyumbani. Juzi alikua kaka yangu wa Dallas, mtoto wa mama mdogo, nikamwambia kaka ngoja nimalize kukaanga ndagala ntakupigia, na sijampigia mpaka leo. Basi naandika hapa asome yeye na wengine wote.

Kwanza jina la mji huu wetu, Louisville, Kentucky, huku Marekani. Watu wa hapa hawasemi Luisvil, wanasema Luavo, katikati wanapameza kabisa, ukilitamka hivyo hata muuza duka anajua wewe ni wa hapa. Na kitu kingine cha hapa, watu wakikuuliza ulisoma shule gani hawamaanishi chuo, wanamaanisha sekondari, hiyo ndo njia yao ya kujua umekulia mtaa gani na ni mtoto wa nani. Mimi nilikua najibu Nyarugusu. Wananyamaza kidogo wanafikiri ni shule ya kata nyingine, afu nawaeleza, ni kambi, iko Kasulu, Kigoma, Tanzania, nimesomea chini ya miti na kwenye madarasa ya udongo. Sijawahi kuona aibu kujibu hivyo, na watu wa hapa wamenisikiliza vizuri, hilo lazima niseme.

Sisi tunakaa South End, upande wa kusini wa mji, kama Wakongo wengi wa hapa. Ukipita Preston Highway utaona duka la Waafrika, mgahawa wa Wavietnam, duka la Wakyuba, kanisa, gereji, tena duka la Waafrika. Sombe, yaani kisamvu, unapata ya barafu kwenye friza, ndagala wapo, mafuta ya mawese yapo, unga wa ugali ukikosa unachukua ule unga mweupe wa mahindi kwenye supamaketi ya Kroger unafanya kazi vizuri tu. Ila kilichonishangaza zaidi ni chakula cha wenyeji wenyewe. Siku ya kwanza jirani yetu, bibi mmoja Mmarekani mweusi aliyezaliwa hapa hapa, alituletea bakuli la kunde zimepikwa na majani fulani yanafanana na sukuma wiki, na pembeni bamia za kukaanga na unga wa mahindi. Mama akaangalia lile bakuli, akaniuliza kwa sauti ndogo, huyu mama ni wa wapi kwetu? Bamia na kunde zilitoka Afrika na watu waliochukuliwa utumwa, wakazipanda huku, wakawafundisha watoto wao kuzipika, miaka mamia imepita na bado mama yangu alizijua kwa kuziona tu.

Huyo huyo bibi ndo alitufundisha Derby. Wageni wote wanakuja kwa ajili ya hiyo, mbio za farasi Churchill Downs, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano, toka 1875 hawajawahi kuruka mwaka. Farasi wanakimbia kilomita 2 tu, dakika mbili hivi imeisha, lakini mji mzima unasimama, Ijumaa ya kabla yake hata shule za serikali zinafungwa. Na uwanja uko huku huku kwetu South End katikati ya nyumba za watu, kwa hiyo siku hiyo watu wanageuza bustani za nyumba kuwa parking, wanashika makaratasi yameandikwa bei wanapunga barabarani, watoto wanauza maji. Wanawake wanapita na kofia kubwa za maua wamebeba viatu mkononi. Bibi anatoa mikate ya benedictine, ni matango yaliyosagwa na jibini laini, inakua ya kijani kijani, ni chakula cha huku tu ukienda majimbo mengine hawaijui. Mama yeye sa hivi anaipaka kwenye chapati na wallahi ni tamu kuliko ya mkate. Hot Brown ya pale Brown Hotel, toka 1926, nimekula mara moja siku nliyomaliza chuo, ni nyama ya bata mzinga juu ya mkate na sosi nzito ya jibini, inashibisha mpaka kesho.

Chuo chenyewe nimesomeshwa na usiku. Karibu kila familia ya kwetu ina mtu aliyepita Worldport, pale eapoti ambapo UPS, kampuni ya kusafirisha mizigo, wanachambua mizigo usiku, ndege zinashuka moja baada ya nyingine kama taa zimefungwa kwenye kamba. Toka 1998 kuna mpango ukifanya shifti ya usiku ada yako inalipwa. Nlikua natoka asubuhi miguu haisikii kitu, nalala masaa matatu, naenda darasani. Nashukuru sana kwa hilo.

Kuna kitu kimoja cha mji huu ambacho bado ni kigumu nyumbani kwetu, ni Thunder, maonyesho ya ndege na fataki ya kila mwaka. Ni mwezi wa nne, mchana ndege za kivita zinapita chini chini juu ya mto Ohio, usiku fataki kubwa sana. Mwaka 2014 tulikua hatujamaliza hata miezi mitatu toka tufike na hakuna mtu aliyetuambia. Mama aliposikia ndege ya kwanza aliwashika wadogo zangu wawili akaingia nao bafuni akafunga mlango, akawalaza ndani ya sinki la kuogea akawafunika na blanketi, hakutoka mpaka saa tano usiku. Baba alikua amekaa nje ya ule mlango anamwimbia nyimbo za kanisani. Jamani kama una familia mpya mtaani kwako waambie mapema, piga hodi, waonyeshe hata video. Mimi kila mwaka sasa nazunguka maghorofa ya wageni kuwaambia.

Na baba mji huu aliukubali kwa sababu ya Ali, yule bondia. Alikua mtoto huko Fizi, Kongo, 1974 Muhammad Ali alipopigana na George Foreman Kinshasa, walisikiliza redio kwa jirani. Hakujua Ali ni mtoto wa Louisville mpaka alipoona kibao cha barabara, Muhammad Ali Boulevard, akasimama kwenye basi. Mwaka 2016 Ali alipofariki, siku ya mazishi yake, tarehe 10 mwezi wa sita, msafara ulizunguka mji mzima, ukapita Grand Avenue kwenye nyumba aliyokulia, watu wanarusha maua juu ya gari. Baba akapaza sauti, Ali boma ye! yaani Ali muue, kama watu walivyomshangilia Kinshasa kwa Kilingala. Mzee mmoja wa hapa aliyekua mbele yetu akageuka akajibu kwa nguvu, boma ye! wakakumbatiana hawajuani hata majina. Sa hivi uwanja wa ndege nao una jina lake. Kaka, Texas mna nini cha kumpa baba badala ya hicho?

Halafu kuna Big Four. Ni daraja la reli la zamani la 1895, treni ziliacha kupita likakaa miaka zaidi ya 40 halina kazi, 2013 wakalifungua kwa watu wa miguu na baiskeli. Bure. Upande wa huku Kentucky, upande wa pili Jeffersonville, Indiana, usiku linawaka taa za rangi. Mara ya kwanza tulienda kiangazi kile cha 2014, ukikaribia upande wa Indiana ndo mpaka wa majimbo mawili, baba akasimama pale, akafungua koti, na lilikua joto kali, nikaona amebeba makaratasi yetu yote ndani ya mfuko wa plastiki, manake 1996 alivuka Tanganyika usiku kwa mtumbwi na tangu hapo mpaka kwake ni mahali unapoulizwa karatasi. Aliangalia mbele, akaangalia nyuma. Msichana mmoja akatupita na baiskeli anakula aiskrimu.

Bado tunaenda kila Jumapili baada ya kanisa, sasa baba anabeba karanga tu. Kaka ukija tunaanza saa kumi na moja jioni, jua likiwa limepungua.