Namna nilivyomaliza mafundo kwenye manyoya ya paka wangu wa Kiajemi

Paka wa Kiajemi niliyekabidhiwa alikuwa amekwisha kukomaa, na manyoya yake ya tumboni na makwapani yalikuwa yamesokotana hadi kuwa mabonge magumu yaliyomvuta ngozi kila alipopiga hatua. Niliowauliza waliniambia nimwache ajilambe, kwa hoja kwamba paka wa porini hachanwi na mtu. Hoja hiyo ndiyo iliyonipeleka kusoma habari za jamaa zake.

Zamani wapo wataalamu waliodhani kwamba paka wa Kiajemi ametokana na manuli, paka wa nyika za baridi za Asia ya Kati aliyeelezwa na Peter Simon Pallas mwaka 1776, kwa sababu wote wawili wana manyoya mengi na uso wa bapa. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani, Mwajemi akiwamo, wametokana na Felis lybica, pakapori wa Mashariki ya Karibu na Afrika, ambaye manyoya yake ni mafupi. Urefu ulikuja baadaye, kutokana na mabadiliko katika jeni ya FGF5, ambayo kwa kawaida huzuia unyoya usiendelee kurefuka. Kwa hiyo paka wangu ana manyoya marefu, lakini ulimi wake ni uleule wa babu yake, na vijimiba vyake havifiki ngozini. Kwangu mimi, hapo ushauri wa kumwacha ajilambe ulikwisha.

Mabonge ya tumboni nilimwachia daktari wa mifugo ayanyoe kwa mashine, maana ngozi ya paka ni nyembamba, huinuka na kuingia ndani ya fundo, na mkasi huikata kabla mtu hajatambua. Yaliyobaki niliyashughulikia mwenyewe, manyoya yakiwa makavu, kwani maji hulikaza fundo. Nililinyunyizia wanga kidogo wa mahindi, nikalishika shina kwa vidole viwili ili ngozi isivutike, kisha nikaanza kuchana kwenye ncha kwa kitana cha chuma chenye meno mapana, nikishuka kidogo kidogo kuelekea ngozini. Alipoanza kutikisa mkia niliacha, hata kama fundo lilikuwa limebaki nusu. Paka aliyekasirishwa na kitana hukikumbuka kwa muda mrefu.

Si kila paka wa manyoya marefu anahitaji kazi kubwa namna hii. Paka wa misitu ya Norway ana manyoya ya juu yenye mafuta yanayomwaga maji, na Angora wa Uturuki hana manyoya mengi ya chini, hivyo wote wawili hufungamana kwa nadra zaidi. Mwajemi ana manyoya ya chini mengi na laini mno, na ndiyo yanayosokotana. Isitoshe, paka wa porini hupukutisha manyoya kwa kufuata urefu wa mchana katika majira, ilhali paka anayeishi ndani, chini ya taa, hupukutisha karibu mwaka mzima.

Sasa namchana kila siku kabla ya chakula, nikianzia nyuma ya masikio na kumalizia makwapani, mahali anapopachukia. Hutapika mabonge ya manyoya mara chache kuliko zamani, na hajahitaji kunyolewa tena.