Majaribio yaliyorukwa

Jana jioni seti nzima ya majaribio ya keneli yetu, yaani kiini cha Linux, ilimaliza kukimbia, na mstari wa mwisho ukatangaza kwamba majaribio yote yamepita. Mwenzangu wa zamu akachungulia skrini. "Kaka, si tayari? Funga tuondoke." Nikamwonyesha mistari iliyo juu kidogo ya hapo, ile ambayo macho huiruka kwa sababu chini yake kuna habari njema: orodha ndefu ya majaribio ambayo hayakuendeshwa kabisa. Hayakupita, hayakufeli. Yalirukwa.

Niseme kwanza tunapima nini. Tuna visanduku vidogo vinavyokaa madukani hapa Dar es Salaam, vinatunza mauzo na stoo. Kila kimoja kina chipu ya hifadhi ya eMMC yenye mfumo wa faili wa ext4, na keneli ya Linux ambayo tumeipunguza na kuitia viraka (marekebisho ya msimbo) vyetu vichache upande wa draiva ya hifadhi. Dukani hakuna mtu anayezima kompyuta kwa adabu. Luku inaisha katikati ya mauzo, au kijana anachomoa waya ili achaji simu, na kisanduku kinazimika papo hapo. Kwa hiyo kila keneli mpya naiuliza swali moja: ulichosema umekiandika, umekiandika kweli?

Tunatumia fstests, seti ya skripti za kupima mifumo ya faili. Wengi bado wanaiita xfstests kwa sababu ilizaliwa kampuni ya SGI kwa ajili ya mfumo wake wa faili wa XFS, enzi za IRIX, mfumo endeshi wa kampuni hiyo. Leo inapima ext4, btrfs, f2fs, overlayfs, hata NFS. Kuisimamisha si kazi ngumu, ila ina masharti kama mganga. Inataka diski mbili. Ya kwanza, TEST_DEV, unaifomati mwenyewe, nayo inazeeka pamoja na majaribio, mabaki ya juzi yakiwa bado humo. Ya pili, SCRATCH_DEV, inafutwa na kufomatiwa upya mara kwa mara bila kukuuliza. Ukikosea herufi moja kwenye faili la mipangilio, local.config, ukaitajia diski yenye picha za harusi, pole. Mimi naendesha kila kitu ndani ya kompyuta pepe ya QEMU. Diski zake ni mafaili matupu niliyoyatengeneza kwa `truncate`, na humo ndani zinaonekana kama /dev/vdb na /dev/vdc. Hakuna cha kuogopa kupoteza.

Kisha inataka watumiaji: fsgqa, fsgqa2, na mmoja wa ajabu, 123456-fsgqa. Huyu wa tatu anaonekana kama mzaha mpaka usome generic/381. Jaribio hilo linaangalia kama programu ya kuwekea watu kikomo cha nafasi ya diski inamtambua mtumiaji ambaye jina lake linaanza na tarakimu, au inalidhania jina ni namba yake ya utambulisho. Nadhani kuna msimamizi wa seva mahali fulani alishawahi kuumwa kichwa na jambo hilo. Ndiyo sababu napenda kuzisoma hizi skripti hata nisipokuwa na kazi nazo: nyingi zinaanza na maelezo mafupi ya hitilafu iliyowahi kumkuta mtu.

Hukumu inatolewaje? Kila jaribio ni skripti ya bash, na pembeni yake kuna faili la matokeo yanayotarajiwa, linaloishia na .out. Kinachotoka kinalinganishwa na faili hilo neno kwa neno. Kikitofautiana kinahifadhiwa kwenye .out.bad na jaribio limefeli. Baada ya hapo `check`, skripti inayoendesha majaribio yote, inaikagua diski kwa e2fsck, programu ya kukagua ext4, halafu inapekua ujumbe wa keneli (dmesg) kutafuta maonyo. Jaribio linaweza kutoa majibu sahihi kabisa na bado likafelishwa kwa mstari mmoja wa dmesg. Naona ni haki.

Sasa turudi kwenye yaliyorukwa. Jaribio likikosa kitu linachokihitaji, halilalamiki. Linaandika sababu kwenye faili la .notrun na kupisha linalofuata. Nikafungua results/generic/322.notrun: sentensi moja tu, kwamba jaribio linahitaji dm-flakey. Nikalitafuta neno hilo kwenye mafaili yote ya aina hiyo kwa grep. Likajitokeza kwenye 311, kwenye 321, kwenye 322 na mengine mengi.

dm-flakey ni tabaka la device mapper (sehemu ya keneli inayounda diski pepe juu ya diski halisi) linalokaa juu ya diski na kuifanya iwe mwongo kwa amri. Ukiliambia lidondoshe maandishi, linapokea kila kinachoandikwa, linajibu kwamba mambo shwari, na halipeleki kitu chini. Jaribio linaandika faili, linaita fsync (amri ya kulazimisha data ifike diskini), linaiambia diski ianze kudanganya, linautenganisha mfumo wa faili na diski, linairudisha diski kwenye uaminifu wake, linaunganisha upya, ndipo linauliza: faili lipo? Lina yaleyale? 322 inafanya hivyo kwa faili lililobadilishwa jina, ikichukua md5sum, yaani alama ya yaliyomo, kabla na baada. Hivyo ndivyo luku inavyoisha ndani ya kompyuta pepe, bila mtu kugusa waya.

Tulipoipunguza keneli tuliondoa device mapper, na tulikuwa na sababu. Kisanduku cha dukani hakina kazi nayo. Matokeo yake ni kwamba keneli yetu iliulizwa mambo mengi sana kuhusu ruhusa, majina marefu, viungo na mashimo ndani ya mafaili, ikajibu vizuri, na maswali yale hasa yaliyotufanya tusimamishe seti hii yakapitwa kimyakimya. Kufeli kungekuwa afadhali. Kufeli kunampigia mtu simu.

Hapo tulibishana kidogo. Ukiwasha device mapper, unapima keneli nyingine, si ile inayoenda dukani. Mwenzangu alitaka tujenge keneli mbili, moja ya majaribio na moja ya kazi. Mimi sikutaka, kwa sababu keneli mbili huanza zikiwa mapacha na baada ya miezi michache hazijuani. Tumemaliza kwa kuijenga device mapper kama moduli, kipande kinachopakiwa pale kinapohitajika, pamoja na dm-flakey. Keneli inabaki ileile, na zile moduli zinabaki kwenye kompyuta pepe, haziingii kwenye kisanduku. Si suluhisho safi mia kwa mia, maana mpangilio wa ujenzi umebadilika kidogo hata hivyo, lakini naweza kulala nalo.

Baada ya hapo 322 ikaendeshwa, ikapita. Nilifurahi kuliko ilivyostahili, kwa sababu programu yetu ya mauzo inafanya jambo hilohilo: inaandika faili jipya pembeni, kisha inalipa jina la lile la zamani. Desturi hii ina historia chungu kwenye ext4. Mwaka 2009 ilipoanza kuenea, watu walikuta mafaili ya baiti sifuri baada ya mashine kuzimika ghafla. Ext4 huchelewesha kutenga nafasi ya data, hivyo jina jipya liliweza kufika diskini kabla ya yaliyomo. Theodore Ts'o, msimamizi wa ext4, alishikilia kwamba programu inayojali data yake iite fsync, lakini pia akaweka kinga kwenye keneli 2.6.30 kwa wanaobadilisha jina bila kuiita. Mimi niko upande wa ile kauli ya kwanza. Kinga ile ni hisani, si mkataba. Ext4 kwa kawaida huifunga jonali yake, daftari la mabadiliko, kila sekunde 5, na keneli huweza kukaa na data kwenye kumbukumbu hadi kama sekunde 30 kabla ya kuiona imezeeka na kuanza kuisukuma chini. Sekunde 30 dukani saa moja jioni ni wateja kadhaa. Nimewaandikia wenzetu wa upande wa programu, fsync kabla ya kubadilisha jina, na wakipenda wasome 322 wenyewe, ni fupi.

Kuna moja ambalo halijatulia: generic/475. Linaendesha fsstress, yaani vurugu ya kufungua, kukata, kufuta na kubadilisha majina kwa pamoja, kisha katikati ya vurugu linaigeuza diski kuwa ya kurudisha makosa tu, linaunganisha upya, linaanza tena. Mchana linapita, usiku linafeli. Kwa majaribio ya namna hii kuendesha mara moja hakukwambii kitu. Nalirudia kwa `check -I`, ambayo husimama pale tu linapofeli ili nikute mabaki yakiwa bado ya moto. Na kabla ya kulaumu viraka vyetu naliendesha kwenye keneli safi. Imefeli hata huko. Hiyo inatuondolea lawama sisi, haiondoi hitilafu. Kishawishi ni kuliingiza kwenye faili la yasiyoendeshwa, `-E`, na kusahau. Nimelikataa wazo hilo. Litaendelea kukimbia, likiwa na maelezo yake pembeni kwamba linajulikana.

Anayeona tunapoteza umeme na usingizi akumbuke Desemba 2023. Keneli 6.1.64 ilitoka na kiraka cha ext4 kilichotolewa kwenye keneli mpya na kurudishwa nyuma bila kiraka mwenzake cha iomap (sehemu nyingine ya keneli) ambacho kiraka hicho kilikitegemea. Uandishi wa moja kwa moja diskini ukaweza kuharibu data. Debian ikasitisha toleo la 12.3 likiwa karibu kumfikia kila mtu, ikaliruka, na kutoa 12.4. Kilichowashtua watengenezaji ni kufeli kwa preadv03, jaribio la kawaida kabisa la seti ya LTP (Linux Test Project). Kiraka kile kilikuwa sahihi kwenye keneli kilikotoka. Na sisi kazi yetu kubwa ni hiyohiyo, kuchuma viraka kutoka keneli mpya na kuvipandikiza kwenye ya zamani.

Kwa hiyo tangu leo ratiba ni hii: kundi la majaribio mafupi, quick, kila usiku, kundi kubwa la auto mwisho wa wiki kwa sababu linakula saa nyingi. Skripti ndogo niliyoiandika asubuhi inalinganisha matokeo ya usiku na ya usiku uliotangulia, na haisomi ule mstari wa mwisho kabisa. Jaribio lililokimbia jana na leo limerukwa linahesabiwa limefeli, barua pepe inatoka. Yale yanayorukwa kwa haki, kwa mfano ya reflink (mafaili mawili kushiriki data ileile diskini) ambayo ext4 haina, yako kwenye faili lao, kila moja na sababu yake iliyoandikwa na mtu, si na mashine.

Kilichobaki ni dm-log-writes. Hiyo inarekodi kila kilichoandikwa kwa mpangilio wake, ukaweza kurudisha nyuma na kukata umeme mahali popote unapotaka katikati ya mfululizo. Inataka diski ya tatu, LOGWRITES_DEV, na nafasi ambayo seva yetu ya majaribio haina. Nimeomba SSD. Bosi amesema tuongee mwisho wa mwezi.