Staha ya kisimani

Assalaam alaykum warahmatullah, ndugu zangu. Juma hili nimeganda kwenye neno moja tunalolitamka kila siku: staha.

Limetujia kutoka Kiarabu, istihyaa, nalo ni ndugu wa haya. Mzizi wao ndio uliozaa pia hayati, uhai, na mwanachuoni Ibn al-Qayyim ameandika kwamba nguvu ya haya ya mtu ni kwa kadiri ya uhai wa moyo wake. (Tusilichanganye na stahiki. Yanafanana kama pacha, lakini hilo limetoka kwenye haki.)

Someni Suratul Qasas, aya ya 23 hadi 25. Musa kafika Madyan, mkimbizi, hana kitu. Anawanyweshea mabinti wawili wanyama wao, kisha anajitenga kivulini na kumwomba Mola wake. Hakungoja hata ahsante. Mara mmoja wao anamjia, akitembea kwa istihyaa: "Baba yangu anakuita akulipe ujira wa kutunyweshea."

Mawaidha mengi huishia kwenye mwendo wa yule binti. Mimi nimekaa sana kwenye neno ujira. Mbele yake yupo mgeni mwenye dhiki, angeweza kumwambia njoo nyumbani ule. Hakumwita kwenye sadaka, alimwita kwenye jasho lake. Na ujumbe akaufikisha wote, bila kumung'unya maneno. Staha si ububu.

Hapo nikamkumbuka bibi yangu. Ramadhani moja mume wa jirani alikuwa amesimamishwa kazi. Karibu na magharibi bibi akapakua tambi na viazi vya nazi, akafunika sahani kwa kawa, akanituma nipitie mlango wa uani, maana barazani palikuwa na watu. "Usiseme nimekuleteeni futari, umenisikia? Sema bibi anaomba mumuonjee chumvi."

Kesho yake tena chumvi. Keshokutwa chumvi. Mimi mtoto nikaanza kuamini bibi kapoteza ulimi, na nadhani yule jirani alishaelewa tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyemvunjia mwenzake lile pazia.

Sahani haikurudi tupu hata siku moja. Mara ndimu mbili, mara kishada cha mrehani, kawa imewekwa juu vilevile, na jibu: "Mwambie bibi, leo imekolea."