Panya, waya na arifa iliyochelewa

Panya aliukata waya wa mtandao Jumamosi usiku. Mimi nilikuja kujua baada ya siku tisa, Jumatatu, na wala sikuambiwa na mashine. Dada mhasibu alikuwa amefuta kwa bahati mbaya hesabu za mzigo mzima wa dagaa, akanipigia simu bila wasiwasi: "Kaka, nirudishie ile ya jana tu, inatosha." Nikafungua kisanduku cha bakapu, kile kinachotunza nakala za akiba. Nakala ya mwisho ilikuwa ya Ijumaa, tena Ijumaa ya kabla ya ile iliyopita. Siku hiyo tulizichapa upya hesabu zote kutoka kwenye vitabu vya risiti, yeye akisoma, mimi nikiandika, mpaka jua likazama upande wa Kongo.

Mimi ndiye fundi pekee wa kompyuta katika kampuni ndogo ya kununua dagaa na mawese hapa Kigoma. Ofisi iko Mwanga, ghala liko Kibirizi karibu na mwalo. Ukiwa fundi pekee, kila kinachotumia umeme ni chako: printa, kamera za ghalani, hata king'amuzi cha kibanda cha mlinzi. Ndiyo maana miezi michache kabla ya hapo niliweka Graylog kwenye seva yetu, ili nisizunguke kukagua kifaa kimoja kimoja. Kila kifaa kina logi zake, yaani daftari la zamu ambamo kinaandika kilichotokea na saa kilipotokea. Graylog inayakusanya madaftari hayo mahali pamoja, nawe unaweza kuiagiza: ukiona maneno fulani, niandikie barua pepe. Agizo la kwanza kabisa nililoiandikia lilihusu waya unaokwenda kwenye kisanduku cha bakapu. Rauta, kifaa kinachogawa mtandao, ikiandika kwamba poti ile, yaani tundu la waya huo, imekufa, niarifiwe.

Sasa kilichoniuma ni hiki. Nilipotafuta kwenye Graylog, logi ya rauta ilikuwepo, imekaa vizuri kabisa, ikisema poti imekufa saa saba na dakika arobaini usiku wa kuamkia Jumapili. Saa hiyo nilipaswa kuitilia shaka pale pale, maana mzee mlinzi aliniambia alisikia purukushani za panya kabla hajala daku yake ya kawaida ya saa tano. Nikaipita. Nilikuwa na hasira na barua pepe.

Bosi wetu, ambaye sote tunamwita Mama, aliniita.

"Kwa hiyo mashine iliona?"

"Iliona, Mama."

"Ikanyamaza?"

"Ikanyamaza."

"Basi ina tofauti gani na mlinzi aliyelala?"

Mzee alikuwa amesimama mlangoni na funguo zake. Akakohoa. Nami nikaahidi kwamba kufikia mwisho wa wiki mashine itasema.

Kwenye ukurasa wa arifa wa Graylog kuna kitufe cha kutuma barua ya majaribio. Nilikibonyeza, nikajibiwa kwamba utumaji wa barua pepe haujawezeshwa. Haiwezekani, nikasema, mbona niliujaza mwenyewe! Nikafungua faili la mipangilio, `/etc/graylog/server/server.conf`. Kweli, nilijaza kila kitu: jina la seva ya barua, poti (hapa ni namba ya mlango wa kuingilia kwenye seva), jina la mtumiaji, nywila. Ila kila mstari ulianza na alama ya reli, ile #, na mstari unaoanza na alama hiyo kwa mashine ni maelezo tu, hausomwi. Nilikuwa nimejaza fomu yote kwa penseli isiyoandika.

Nikaziondoa alama zote, nikawasha huduma upya, na Graylog ikakataa kabisa kuamka. Hapa niliiharibu mimi kwa kujifanya mwangalifu. Kuna mistari miwili, `transport_email_use_tls` na `transport_email_use_ssl`, na yote miwili niliijibu ndiyo, nikidhani kufuli mbili ni bora kuliko moja. Faili la logi la Graylog yenyewe, `/var/log/graylog-server/server.log`, lilinisuta waziwazi: huwezi kutumia zote mbili kwa pamoja. Ni njia mbili tofauti za kuingia nyumba moja. Kwenye poti 587, njia ya tls, unabisha hodi ukiwa nje, mnasalimiana mlango ukiwa wazi, kisha mnakubaliana kufunga mlango ndipo mzungumze ya siri. Kwenye poti 465, njia ya ssl, mlango unafungwa kwanza, na hata salamu inatolewa ndani. Ukienda kwenye 465 kwa adabu za 587, wewe unasubiri salamu, mwenyeji anasubiri mlango ufungwe, mnabaki mnatazamana mpaka mmoja achoke. Aliyetuuzia barua pepe ya kampuni alitaka 587, kwa hiyo nikaacha tls ikawa ndiyo na ssl ikawa hapana. Poti 25 sikuigusa hata kwa majaribio. Watoa huduma wengi wa intaneti wanaifunga kwa wateja wao kwa sababu ya barua taka, na wa kwetu ni mmoja wao.

Graylog ikaamka. Nikabonyeza kitufe. Jibu: 535. Kwa seva za barua namba hiyo maana yake ni moja, hatukutambui, jina au nywila si sahihi.

Hapo ndipo nilipopoteza siku nzima. Nywila niliijua kama ninavyolijua jina la mama yangu. Niliingia nayo kwenye barua pepe kupitia simu, ikakubali. Nikabadilisha mstari mmoja, nikarudisha, nikawasha upya, 535. Jioni nikaamua kuiweka Graylog pembeni, nizungumze na seva ya barua mimi mwenyewe. Ni jambo linalowezekana, na ningeshauri kila fundi alijaribu walau mara moja, kwa sababu SMTP, lugha ambayo seva za barua zinazungumza tangu 1982, ni mazungumzo ya maandishi tu. Unafungua njia kwa amri ya `openssl s_client -starttls smtp` ukitaja seva na poti, unajitambulisha, unatoa jina na nywila zikiwa zimegeuzwa kuwa base64 (mtindo wa kuandika data kwa herufi na tarakimu za kawaida), nayo inakujibu kwa namba. Nilifanya hivyo nikiwa kwenye seva ile ile inapokaa Graylog, kwa nywila ile ile. Ikanikubali bila kusita.

Kwa hiyo mtandao ni mzima na nywila ni sahihi, lakini nywila inayotoka kinywani mwa Graylog si niliyoiandika mimi. Nikaitazama nywila yenyewe, herufi kwa herufi. Katikati yake palikuwa na mkwaju unaolalia nyuma, ule \. Graylog imeandikwa kwa Java, lugha ya kuundia programu, na faili lake la mipangilio linasomwa kwa kanuni za Java, ambazo kwake mkwaju ule ni ishara ya kubadilisha maana ya herufi inayofuata. Ukitaka ubaki mkwaju, unauandika mara mbili. Wangu ulikuwa mmoja, ukamezwa, na nywila ikafika kwa mwenyeji ikiwa na pengo la jino moja.

Na hilo limeandikwa juu kabisa ya faili lile lile, kwenye maelezo ya mwanzo ambayo mimi huyaruka mbio nikitafuta pa kujaza. Pameandikwa pia kwamba nafasi tupu ukiiacha mwishoni mwa mstari inahesabiwa kuwa sehemu ya jibu. Siku ile niliyasoma maelezo yote kwa sauti, kama adhabu.

Mkwaju wa pili, washa upya, kitufe. Sasa 553: mtumaji hakubaliki. Hili lilikuwa dogo. Kwenye `transport_email_from_email` nilikuwa nimebuni anwani nzuri ya kuonekana, na seva ya barua haikubali uingie kwa jina moja kisha utume kwa jina jingine usilolimiliki. Nikaweka anwani ile ile niliyoingilia. Barua ya majaribio ikafika. Ya Mama iliangukia kwenye barua taka, nikaitoa humo kwenye simu yake, nikamwambia kazi imekwisha.

"Nithibitishie," akasema.

Nikaona ni haki yake. Nikamwendea mzee. "Shikamoo mzee. Leo ikifika saa mbili kamili usiku, naomba uchomoe ule waya wa kijani nyuma ya kisanduku. Usiurudishe mpaka nikwambie."

"Marahaba, mwanangu. Panya mmoja hatoshi, sasa na mimi niwe panya?"

Saa mbili nilikuwa ofisini mbele ya skrini. Rauta ikazima taa ya poti ile. Nilikuwa nimeagiza Graylog ipekue logi za dakika tano zilizopita, na irudie kila baada ya dakika tano, kwa hiyo nilitegemea barua kabla ya saa mbili na robo. Haikuja. Saa mbili na nusu nikatafuta kwa mkono logi za nusu saa iliyopita kutoka kwa rauta. Hakuna hata moja! Nikadhani zinapotea njiani. Nikaisikiliza kadi ya mtandao kwa tcpdump, programu ya kuchungulia kinachopita kwenye mtandao, nikaona pakiti za rauta, yaani vifurushi vyake vya data, zinaingia, moja baada ya nyingine, zikielekea poti 1514 ambapo Graylog inasikiliza. Zinaingia, halafu hazionekani. Nilikaa nikiangalia pakiti hizo kama mtu anayeangalia wageni wakiingia nyumbani kwake na kila akifungua mlango sebule ni tupu.

Saa nne nikakata tamaa. Nikamwambia mzee arudishe waya, nikapanda bodaboda, nikala ugali na migebuka iliyokwisha kupoa, nikalala.

Saa tano na dakika tatu usiku simu ikalia. Barua pepe kutoka Graylog: poti ya bakapu imekufa.

Kwanza nikadhani waya umechomoka tena. Nikampigia mzee, akaniapia kwamba upo, taa inawaka. Nikakaa kitandani nikihesabu. Waya ulichomolewa saa mbili, arifa imekuja saa tano. Saa tatu, bila kupungua wala kuzidi. Mwafrika Mashariki akisikia tofauti ya saa tatu kwenye kompyuta anajua aliko mchawi: saa zetu ziko mbele ya UTC, saa ya kimataifa ya kulinganishia, kwa saa tatu.

Rauta yetu ni ya zamani na inatuma syslog, yaani logi zinazosafiri mtandaoni, ya mtindo wa zamani, ule ulioandikwa kwenye RFC 3164, waraka wa kanuni za intaneti wa 2001. Katika mtindo huo logi inataja mwezi, siku na saa, basi. Haitaji mwaka, wala haisemi saa hiyo ni ya nchi gani. Mtindo mpya wa 2009, RFC 5424, unataja. Rauta iliandika 20:00, ikimaanisha ya hapa kwetu. Graylog ikasoma 20:00 na, kwa kuwa haikuambiwa lolote, ikaihesabu kuwa ya UTC, ambayo hapa ni 23:00. Logi ikawekwa kwenye rafu ya saa ambayo haijafika. Ukitafuta za nusu saa iliyopita huikuti, kwa sababu kwa hesabu za Graylog jambo lenyewe bado halijatokea. Saa tano ilipogonga, upekuzi wa dakika tano ukaikuta inasubiri, na arifa ikatoka. Ndipo nikakumbuka ile saa saba na dakika arobaini. Panya alifanya kazi yake saa nne na dakika arobaini, na mzee alikuwa sahihi.

Tena sisi tulikuwa na saa ya tatu kichwani. Saa yetu ya Kiswahili inaanza kuhesabu jua linapochomoza, kwa hiyo iko nyuma ya UTC kwa saa tatu, wakati ile ya mkononi iko mbele kwa saa tatu. Mchana ukiwa 12:00, UTC ni 9:00 na sisi tunasema saa sita. Usiku ule niliandika zote tatu kwenye karatasi mistari mitatu, na karatasi hiyo bado imebandikwa ukutani juu ya seva.

Tiba ilichukua dakika mbili: niliiweka rauta kwenye majira ya UTC. Hakuna anayeangalia saa ya rauta isipokuwa mimi. Graylog inanionyesha kwa saa za hapa kwa sababu kwenye akaunti yangu nimechagua Dar es Salaam.

Kesho yake saa mbili usiku tukarudia. Saa mbili na dakika nne barua ikafika. Halafu ikafika nyingine. Na nyingine. Nikampigia mzee.

"Nachomoa na kuchomeka, mwanangu, nihakikishe inasikia vizuri."

Nikamshukuru, nikamwomba apumzike, nikaweka kipindi cha ukimya cha saa moja ili arifa ya jambo moja isirudiwe rudiwe. Kabla sijamaliza kuhifadhi, Mama akapiga simu. Naye nilikuwa nimemweka kwenye orodha.

"Kijana wangu, mashine yako imeniandikia mara sita usiku huu, tena kwa Kiingereza. Inadai nini?"

Maneno ya barua za Graylog yanaharirika. Sasa yanasomeka hivi: "Mama, waya wa bakapu umechomoka. Fundi naye ameandikiwa. Asipokupigia ndani ya nusu saa, mwamshe."