Saa Tatu Asubuhi Kwenye Kipima Mvua

Kila siku saa tatu kamili asubuhi, iwe Jumapili, iwe Idi, iwe siku ya msiba, katika kituo cha hali ya hewa mtu mmoja hukanyaga nyasi zilizokatwa fupi hadi kwenye kopo la shaba lililosimikwa ardhini, akaondoa faneli yake, akamimina maji yaliyomo katika bilauri ya kupimia, kisha akaiinua bilauri hiyo mpaka usawa wa macho. Katika kituo kimoja cha pwani ya Tanzania, kwa miaka mingi mtu huyo nimekuwa mimi. Maji ndani ya bilauri hujipinda kidogo, yakapanda pembeni kwa kushikamana na kioo na kubonyea katikati, na kipimo cha haki ni kile cha chini ya bonde hilo dogo, wala si cha kingo zake. Nimeinama mbele ya bilauri hiyo asubuhi nyingi nisizoweza kuzihesabu, na sijawahi kuinama bila hamu ya kujua usiku umetuletea nini.

Saa hiyo haikuchaguliwa ovyo. Kwa saa ya Greenwich huwa ni saa kumi na mbili asubuhi, na wakati mimi nasoma kipimajoto ndani ya kibanda cheupe chenye luva, wenzangu nisiowajua wa Antananarivo, Muscat na Mumbai nao wanasoma vya kwao, ili ramani ya hewa ya dunia nzima ichorwe kwa wakati mmoja. Sijui kazi nyingine ambayo watu wa nchi zilizokosana huendelea kuifanya pamoja namna hii, kila baada ya saa chache, bila kuitana mkutanoni.

Mzee aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alinipa somo moja ambalo mpaka leo naliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote. Siku moja katika mwaka wangu wa kwanza nilichelewa kwa sababu ya homa, na nilipofika nikaona mbingu nyeupe na nyasi kavu, nikaandika sufuri katika daftari kwa siku ambayo sikuisoma. Akaniuliza, "Mwanangu, ulikwenda kwenye kopo ukalikuta tupu?" Nikasema hapana. Akanifundisha hapo hapo kwamba katika daftari la mvua kuna mambo matatu yanayofanana machoni pa mtu wa nje lakini kila moja ni jambo lake: sufuri, maana yake nilikwenda nikakuta hakuna kitu; alama ya rasharasha, maana yake mvua ilidondoka lakini haikufikia kipimo; na pengo, maana yake hatujui. Sufuri ya uongo, alisema, itaingia katika hesabu za watu ambao bado hawajazaliwa. Akaifuta kwa mkono wake, akaacha pengo. Tabianchi yote tunayoizungumzia leo, pamoja na madai mazito kuhusu joto linaloongezeka na misimu inayoyumba, imejengwa juu ya madaftari ya namna hiyo, na wastani tunaoutumia kulinganisha msimu mmoja na mwingine huchukuliwa katika miaka 30 ya kuinama namna hiyo hiyo.

Naandika haya kwa sababu naamini kwamba sisi wataalamu wa hali ya hewa tumewapa wananchi matokeo ya kazi yetu na kuwanyima raha yake. Tunawatumia taarifa, angalizo na tahadhari, lakini ni mara chache tunapowaketisha na kuwaonyesha jinsi ya kuitazama mbingu wenyewe. Kwa maoni yangu mtu anayeitazama mbingu kila siku huipokea tahadhari kwa namna nyingine kabisa, kwa kuwa anapoambiwa upepo utageuka, tayari anajua jana ulivuma kutoka wapi.

Tarehe 23 Machi huadhimishwa Siku ya Hali ya Hewa Duniani, kwa kukumbuka mkataba wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani ulioanza kutumika mwaka 1950, na katika siku hiyo mimi hupenda kwenda shuleni kuliko kukaa katika hafla. Sianzi na satelaiti. Naanza na thumuni. Mpimaji huigawa mbingu mafungu manane na kusema mafungu mangapi yamefunikwa na mawingu, na watoto ambao hesabu za sehemu ziliwachosha ubaoni hutoka uani na kubishana kwa dhati iwapo wingu lile lililoelemea upande wa bahari ni thumuni mbili au tatu. Kisha nawapa hesabu ya paa. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba, basi paa la bati lenye mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 25 limepokea lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Wasichana, ambao ndio huchota maji majumbani, hunyamaza wanapoisikia hesabu hiyo. Tunapotangaza mvua kubwa tunamaanisha zaidi ya milimita 50 katika saa 24. Juu ya paa hilo hilo ni zaidi ya ndoo 100, na juu ya uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 ni lita 357,000. Baada ya hapo hakuna anayeniuliza tena kwa nini mtaro ulioziba takataka hufurika.

Wavulana nao hupenda radi. Nawafundisha kuhesabu sekunde kuanzia mwako hadi ngurumo, kwa kuwa sauti huchukua takriban sekunde tatu kusafiri kilomita moja, na wanaelewa mara moja kwamba hesabu inayopungua ni radi inayosogea, na kwamba wakati wa kutoka chini ya mwembe ni sasa.

Hata hivyo, walionifundisha zaidi ni wavuvi. Kabla sijasoma kitabuni kwamba nchi kavu hupata joto na kupoa haraka kuliko bahari, nilikuwa nimewaona wakitoka alfajiri wakisukumwa na umande, ule upepo baridi unaotoka bara kwenda baharini, na kurudi mchana kwa upepo wa bahari ulioitwa na ardhi iliyopata moto. Chombo kisicho na mashine huendeshwa na tofauti ya joto kati ya mchanga na maji. Juu ya Ziwa Viktoria tofauti hiyo hiyo hufanya kazi kubwa zaidi: usiku pepo za kutoka pande zote za nchi kavu hukutana juu ya maji, hewa ikapanda, na radi zikapiga juu ya ziwa wakati mvuvi yuko mbali na pwani, ilhali mchana mawingu hujijenga kandokando juu ya vilima.

Kwa wazee wa pwani, kaskazi na kusi ni zaidi ya majina ya pepo. Walihesabu mwaka wa siku 365 kuanzia Nairuzi, yaani siku yao ya mwaka mpya, wakaugawa katika miongo ya siku kumi kumi, jumla miongo 36 na siku tano za nyongeza, na kwa hesabu hiyo walijua lini kupanda, lini kusafiri, lini kupandisha chombo pwani. Wale wanaosherehekea Mwaka Kogwa kule Makunduchi kila Julai wanaendelea kuufungua mwaka huo mbele ya macho yetu. Nimewasikia baadhi ya wenzangu wakiiita elimu hiyo mapokeo tu, na sikubaliani nao. Mtu aliyegawa mwaka kwa siku kumi na kukumbuka, mwongo kwa mwongo, tabia ya upepo kwa vizazi kadhaa, alikuwa akiweka daftari. Kilichokosekana ni bilauri.

Jambo ambalo tunapaswa kulisema kwa uwazi zaidi ni lile la uhakika wetu. Utabiri wa msimu unaposema mvua zitakuwa "za wastani hadi juu ya wastani," wengi huona tunajikinga kwa maneno. Maana yake ni hii: chukua misimu 30 iliyopita, ipange kuanzia ule mkavu hadi ule wenye maji mengi, ikate mafungu matatu ya misimu kumi kumi, halafu tunakuambia msimu ujao unaelekea kuangukia fungu lipi. Na misimu yetu miwili haitabiriki kwa urahisi ulio sawa. Vuli, ya Oktoba hadi Desemba, husikiliza bahari: magharibi ya Bahari ya Hindi, huku kwetu, ikipata joto, na mashariki karibu na Sumatra ikapoa, unyevu husukumwa kuja Afrika Mashariki, kama ilivyokuwa mwaka 1997 pamoja na El Nino, tena mwaka 2019, na tena mwaka 2023. Masika haina bwana mmoja anayeiongoza, na miezi kadhaa kabla ni vigumu kuisemea. Naona ni heri mkulima alijue hilo kutoka kwetu, ili ajue pia kwamba utabiri wa siku kumi atakaoupata Machi una uzito kuliko ule wa msimu alioupata Februari.

Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa baharini mashariki ya pwani yetu, nahodha mmoja mzee alinipigia simu. Baada ya mimi kumwamkia na yeye kuitikia marahaba, akasema, "Mwanangu, kimbunga kwetu? Hayo ni mambo ya Msumbiji na Bukini," yaani Madagaska. Hakuwa na kosa la kushangaa. Kimbunga huhitaji mzunguko wa dunia ukisokote, na karibu na ikweta msokoto huo ni dhaifu, ndiyo maana ni nadra sana kukiona katika latitudo zetu. Lakini nadra si kamwe. Nikamkumbusha kwamba Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja jahazi bandarini, na kwa kuwa Pemba ilisalimika, biashara ya karafuu ikahamia huko; na kwamba Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi. Simu ikakaa kimya kwa muda. Kisha akasema marehemu babu yake alikuwa akitaja upepo uliolaza mikarafuu, naye utotoni alidhani ni hadithi. Siku hiyo mashua yake haikutoka. Hidaya iliingia nchi kavu katika Kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei, ikiwa imeanza kupoteza nguvu.

Katika shule niliyotembelea mara ya mwisho, mwanafunzi mmoja wa darasa la sita alitengeneza kipima mvua kwa chupa ya maji iliyonyooka ubavu. Alikata shingo yake na kuigeuza kuwa faneli, akaweka rula ubavuni, na kwa kuwa kitako cha chupa kina mabonde, akajaza maji mpaka kwenye alama ya sufuri. Tangu hapo, kwa simu ya mama yake, hunitumia kipimo kila asubuhi baada ya saa tatu. Na siku asiposoma huandika "pengo", kama nilivyomfundisha. Leo kopo langu lilikuwa kavu kabisa, ilhali yeye, ambaye nyumba yao inaonekana kutoka hapa kituoni, amepata milimita nne, na anauliza ni nani kati yetu amekosea. Nimemjibu kwamba hakuna aliyekosea: wingu moja la mvua linaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu, na ukingo wake jana jioni ulipita mahali fulani kati ya kwao na kwangu. Nimemwomba aulize majirani, nyumba kwa nyumba, ni mlango wa nani uliolowa na wa nani uliobaki mkavu, nami nitapita upande wangu nikiuliza vivyo hivyo, mpaka tuupate ukingo ule.