Gurudumu la Nne

Jumamosi ile ya Agosti 2017 mtoto wangu wa mwisho alilia tangu alfajiri na hakuna aliyemsikiliza. Gari lake lilikuwa limebaki na magurudumu matatu. Alilitengeneza mwenyewe kwa kopo la sardini, vijiti viwili na vizibo vinne vya soda alivyovitoboa kwa msumari, na sasa kizibo kimoja hakionekani. Parsele, uwanja wa nyumba yetu, ilikuwa imejaa mashangazi, sufuria za kukodi na mabenchi tuliyoazima kanisani. Watu wa upande wa mwanaume walikuwa waje saa nane mchana kuleta mahari ya dada yake, Furaha, naye mtoto ananizunguka kwenye mbabula, jiko la makaa, akitafuta gurudumu.

"Papa, toka miguuni mwangu," nilimwambia. "Utaungua."

Miguu yenyewe wakati huo ilikuwa na habari zake. Ugonjwa wa sukari niligunduliwa nao mwaka 2011, na mwaka wa tatu ndipo moto ulipoanza. Ulianzia vidole vya mwisho, miguu yote miwili kwa pamoja, ukapanda taratibu hadi kwenye vifundo kama mtu anayevaa soksi. Mchana nikiwa na kazi niliweza kuusahau. Usiku ndio ulikuwa wakati wake. Mara siafu, mara shoti ya umeme inayopita kwenye kidole gumba na kuniinua kitandani, mara nyayo zinawaka kana kwamba nimesimama juu ya makaa, na ukizigusa ni baridi kama samaki. Blanketi likinigusa vidole nilitamani kulia, na Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, mwezi wa sita bila blanketi hulali. Nikabuni njia: nikakata katoni ya mafuta ya kupikia pande mbili, nikaisimamisha mwisho wa kitanda, miguu ikaingia ndani na blanketi likapita juu. Baba Furaha alisema nimeleta mpangaji kitandani bila kumwambia kodi ni kiasi gani.

Watu walikuwa na majibu. Jirani mmoja alisema ni karuho, ile sumu ambayo kwetu hubebeshwa kila ugonjwa uliokosa jina. Shemeji yangu alikuwa na uhakika zaidi: nimekanyaga kitu, kuna mtu alinitegea njiani. Mimi ni fundi wa nguo na mashini yangu ni ya kukanyaga, miaka ishirini nakanyaga tangu asubuhi mpaka jioni. Nikamjibu kwamba kweli nimekanyaga, aulize tu ni mara ngapi. Hakucheka. Muuza dawa naye alinichoma zile sindano nyekundu za vitamini, tano, na parasetamoli juu yake. Sikuona tofauti yoyote isipokuwa kwenye pochi.

Kwa nini sikurudi kwa waganga wa hospitali? Kwa sababu kila senti ilikuwa na mwenyewe. Watoto wanne walidaiwa minerval, ada ya shule, na tangu Juni nilikuwa nashona vikwembe vya sherehe, magauni kumi na manne ya kitambaa kimoja, ya wanawake ambao kila mmoja alitaka mkono tofauti na wa mwenzake. Ukiwa mama wa nyumba yenye shughuli kama hiyo, mguu unaouma unauambia ungoje kwenye foleni nyuma ya wateja wengine. Usiku ulipozidi niliamka, nikasimama peku kwenye simenti ya jikoni hadi ipunguze, kisha nikawasha taa nikapinda mapindo. Nilipata magauni mawili yaliyokamilika kwa njia hiyo. Sijivunii, nasema tu yalivyokuwa.

Basi siku ya mahari niliamka saa tisa za usiku. Sombe, majani ya muhogo, ilikuwa imetwangwa jana yake. Mbuzi alikuwa na mwanaume wa kumshughulikia, sambaza, vile visamaki vya ziwani, zilikuwa na shangazi ambaye hataki mtu mwingine aziguse, na mimi nikabaki na bugali, wali, maharage na kelele za watu wote. Saa saba nilikimbia kuoga, nikavaa gauni langu, la kumi na nne, nikachukua viatu vyangu chini ya kitanda. Vilikuwa viatu vya mitumba kutoka soko la Kadutu, mtaa wetu, vyeusi, vya kufunika, na vilinibana kidogo. Nilivichagua kwa sababu hiyo. Viatu vya saizi yangu nilikuwa naona vinatembea peke yake, sijui kama viko mguuni au vimebaki nyuma; vikibana kidogo ndiyo nilijua nimevaa. Baadaye nilielezwa kwamba watu wa sukari wengi hufanya kosa hilo hilo.

Nikavivaa haraka, nimesimama, mkono mmoja ukutani.

Nyumba yetu iko juu Kadutu, na anayekuja kwa mara ya kwanza hupanda ngazi za udongo zilizozuiwa kwa matairi ya zamani. Msemaji wa upande wa pili, mzee mnene mwenye koti la sufu katika kiangazi, alifika akihema, akaomba maji kabla ya salamu. Shangazi yake Furaha akaona hapo hapo pa kumbana: kama mlima tu unakushinda, mke wetu utamfikishaje kwenu? Watu wakacheka, bei ikapanda. Ng'ombe walitajwa kwa majina ingawa kilichokuwa ndani ya bahasha ni dola, na kasiksi, pombe ya ndizi, ikaanza kuzunguka. Sitasimulia mazungumzo yote. Yalikwenda kama yanavyokwenda.

Ninachokumbuka ni kwamba mguu wa kulia ulikuwa kimya. Nilisimama, nikapakua, nikapanda na kushuka zile ngazi mara sita au saba kusindikiza sahani za jirani, na haukusema neno. Ilipofika zamu ya mama wa bibi harusi kucheza nilitangulia mbele ya wote, vigelegele vikipigwa, nikakanyaga chini kweli kweli. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Nikasema, leo ameniachia, angalau siku ya mtoto wangu.

Wageni waliondoka giza likiingia. Nikakaa kwenye benchi la kanisa, nikavuta kiatu cha kulia, kikakataa. Nikavuta tena. Ndani palikuwa na unyevu, nikadhani ni kasiksi iliyomwagika. Mtoto alikuwa ameketi chini na gari lake, na yeye ndiye aliyeona kwanza, maana alikuwa usawa wa unyayo wangu.

"Gurudumu yangu!" alipiga kelele kwa furaha.

Kizibo kilikuwa kimezama kwenye nyama ya unyayo, nyuma ya vidole, meno yakiwa juu. Kizibo cha soda kina meno ishirini na moja. Niliyahesabu wiki iliyofuata, nilipokuwa sina la kufanya. Chini ya kitanda palikuwa gereji yake, na viatu vyangu vilikuwa vyumba viwili vya gereji hiyo. Shangazi akashika kichwa. Baba Furaha akapiga magoti na tochi ya simu, akautazama mguu, kisha akanitazama mimi.

"Mama Furaha, hukusikia?"

"Sikusikia."

"Tangu saa saba?"

Sikuwa na jibu. Usiku huo huo, saa nane, mguu ule ule ulianza kuwaka, si pale palipochomwa bali kwenye vidole kama kawaida yake. Nililala kwenye katoni langu na jeraha ambalo halikuniuma, na moto ambao haukuwepo ukiniunguza. Nafikiri ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza. Miaka mitatu nilikuwa naomba maumivu yaondoke.

Jumapili tulikuwa na wageni wa kushukuru, kwa hiyo nilisafisha kwa maji ya chumvi nikafunga kitambaa. Nilipaswa kwenda siku ile ile, najua. Jumatatu mtu wa pikipiki alinishusha hadi kituo cha afya, na muuguzi, mwanaume wa makamo asiye na haraka, alipomaliza kusafisha akaniambia nifumbe macho. Atanigusa kwa uzi. Kila nikisikia, niseme ndiyo.

Nikafumba. Nikangoja. Nikasema ndiyo mara mbili. Nikaendelea kungoja, nikaanza kuona anachelewa, labda ameitwa nje.

"Fungua," alisema. "Nimemaliza."

Alikuwa ameshagusa sehemu kumi. Akanionyesha: uzi mnene wa nailoni uliochomekwa kwenye kijiti, unaopinda ukisukumwa kwa uzito wa gramu kumi. Mimi ambaye uzi ndio chakula changu, ninayejua gizani kwa kidole namba ya uzi ulio kwenye sindano, sikuusikia. Hapo nililia, naye akaniacha nilie huku akiandika.

Alieleza kwamba mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni ndiyo mirefu kuliko yote, inatoka chini ya mgongo hadi ncha ya kidole, na sukari ikizidi muda mrefu huiharibu kuanzia mwisho. Mshipa unaoharibika hupiga kelele bure, ukishakufa unanyamaza, na mguu mmoja unaweza kuwa na yote mawili. "Una sentinele mlevi, mlinzi wa usiku," alisema. "Hakuna mwizi, anapiga filimbi usiku kucha. Mwizi akija, amelala." Kwa hiyo, alisema, macho na mikono vifanye kazi yake: kukung'uta kiatu kabla ya kuvaa, kioo cha kutazama nyayo kila jioni, kutotembea peku hata ndani, kutogusa sugu kwa wembe, na maji ya moto kupimwa kwa kiwiko. Simenti ya jikoni sikumtajia.

Nilipotaja parasetamoli alitikisa kichwa. Daktari wao alinipa amitriptilini, kidonge kidogo cha jioni, akanionya nisikate tamaa nacho wiki ya kwanza. Kinywa kilikauka kama nimelamba unga, na asubuhi niliamka kama mtu wa matanga, lakini karibu wiki ya tatu nilianza kulala hadi saa kumi. Moto haukuzimika. Ulisogea mbali kidogo, kama redio ya jirani. Na sukari yangu, iliyokuwa juu mno asubuhi ile kabla sijala, zaidi ya 260 mg/dL, ikawa jambo la kufuatwa kweli, si la kukumbukwa.

Jeraha lilichukua wiki saba, na masharti yalikuwa moja: mguu ule usikanyage. Harusi ilikuwa Oktoba. Gauni la harusi lilikuwa bado ni kitambaa mezani, na hela za kumpa fundi mwingine zilikuwa zimekwisha kwenye zile sufuria.

Ndipo Furaha alipovuta kigoda akakaa ubavuni mwangu, akaingiza miguu yake chini ya mashini. Yeye miguu, mimi mikono. Siku ya kwanza tulivunja sindano mbili. Yeye ni mtu wa haraka, na mashini ikishashika mbio kitambaa kinakimbia, mimi namfokea, "Taratibu!", anasimama ghafla, uzi unakatika. Hakuwahi kupenda cherehani, nilimlazimisha tangu mdogo akanikimbia, na sasa tulikaa bega kwa bega kila jioni umeme ukiwepo au mshumaa, nikimsikia anavyopumua akivizia mkono wangu. Kufikia wiki ya tano nilikuwa siongei tena. Nikiinua kidole cha shahada kidogo, anapunguza. Nikikilaza, anakwenda.

Mdogo wake alikaa chini ya meza na gari lake. Kizibo nilikiosha nikamrudishia, akakikataa, akatafuta kingine.

Jioni ya mwisho tulibakiza bega la kushoto. Alikuwa anasimulia kitu kuhusu mama mkwe wake, tukacheka wote, hakuna aliyekuwa anaangalia kidole, na mshono ukaenda upande. Nikataka kuufumua. Akasema, mama, acha. Aliolewa nao hivyo hivyo.