Mama na Kiti cha Jikoni
Tangu mama ahamie kwetu Buruburu, kila asubuhi kabla ya chai huinuka kutoka kwenye kiti kigumu cha jikoni na kuketi tena polepole, mara 10, bila kujisukuma kwa mikono, kwa kuwa misuli ya mapaja ndiyo inayomwezesha kushuka kwenye matatu bila kushikwa. Kisha hushika ukingo wa sinki na kusimama kwa mguu mmoja, akihisi jinsi wayo unavyojirekebisha sakafuni; zoezi hili, ambalo wengi hulidharau, ndilo ninalolithamini zaidi. Shirika la Afya Duniani huwashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya mizani ya mwili angalau siku 3 kwa wiki. Mkeka uliokuwa ukiteleza mlangoni nimeuondoa.